Siku ya Thelathini

Fundi cherehani akikwambia njoo kesho, wewe nenda kalale. Hiyo kesho yake haijazaliwa bado. Ndivyo walivyo mafundi, na Chirau wa Msambweni alikuwa mfalme wao. Mkono alikuwa nao, hilo hata adui yake hakulikana: kanzu ya Chirau ilikaa begani utadhani mwenyewe alizaliwa nayo. Kasoro yake ilikuwa moja tu, hakujua kusema hapana. Mtu akija na kitambaa na uso wa huzuni, Chirau hupokea. Akija mwingine na kicheko, hupokea. Vitambaa vikarundikana nyuma ya cherehani yake, pale barazani kwenye duka la Mhindi, na kila mwenye chake akiuliza huambiwa, "Kesho, inshallah, baada ya alasiri." Watoto wakambandika jina, Chirau Kesho, naye akacheka nao, maana alikuwa mtu wa moyo mweupe.

Sasa ikatokea Idd moja, katikati ya ile miaka ya hamsini, maji yakamfika shingoni. Alfajiri watu kumi na wanane walisimama mlangoni kwake, na ndani kulikuwa na kanzu zisizo na mikono na mikono isiyo na kanzu. Mzee Mwero, mtu mzima na mvi zake, alikwenda kuswali na kanzu ya mkono mmoja. Msikiti mzima ulimwona. Chirau alijibanza safu ya nyuma kabisa, na imamu alipomaliza hotuba, alitoka mbio kabla watu hawajapeana mikono ya Idd. Alitahayari, wallahi, akatamani ardhi impasukie.

Lakini aliyeumia siku ile kuliko Mzee Mwero alikuwa Mishi, mke wa fundi mwenyewe.

Mishi alikuwa mtoto wa Bodo, kule kwenye mikoko karibu na Funzi. Posa ya Chirau ilipofika kwao, mama yake, Mwanarusi, alivuta mdomo. "Fundi cherehani huvika watu," alisema. "Mkewe humvika maneno." Mishi akalia, akasusa chakula siku mbili, mwisho akaolewa na huyo huyo amtakaye. Basi ndiyo maana kila Idd, wanawake walioolewa wanaporudi makwao kuwaamkia mama zao, kwa Mishi safari ile ilikuwa kama kwenda barazani kwa kadhi. Idd ya kwanza alikwenda na gauni la harusi, hakuna aliyesema neno. Idd ya pili akaenda na gauni lile lile. Mama Mwanarusi alilishika mkono kwa vidole viwili, akalipapasa, akasema, "Hili nalijua." Idd ya tatu, hiyo ya kanzu ya mkono mmoja, Mishi hakwenda. Alituma salamu kwamba ana homa. Homa gani! Alikaa jikoni na kanga yake ya kila siku, akachambua mchele uliokwisha kuchambuliwa.

Na kitambaa alikuwa nacho. Alikinunua mwenyewe kwa kuuza mafuta ya nazi, poplini ya samawati yenye maua madogo meupe. Mwaka na zaidi kilikuwa kimelala kashani kikingoja zamu.

"Kinyozi hajinyoi, mke wangu," Chirau alijitetea jioni ile.

"Kinyozi hajinyoi kwa sababu hakioni kisogo chake," Mishi akamjibu. "Mimi niko mbele yako asubuhi na jioni."

Chirau akaapa kwamba Idd ijayo atamvika, na asipomvika, asimpikie chakula.

"Kukupikia nitakupikia," Mishi alisema taratibu. "Ila mimi Bodo siendi tena mpaka niwe na la kumjibu mama. Na mama amezeeka, Chirau. Hilo ulijue."

Neno lile lilimwingia. Mwaka mzima liliranda naye. Kila alipopiga cherehani alilisikia: na mama amezeeka, na mama amezeeka.

Ramadhani ilipokaribia tena, Chirau alichukua chaki yake ya kukatia, akasimama mbele ya ukuta wa chumba, akachora visanduku thelathini. Siku moja, kisanduku kimoja. Kila kisanduku nguo mbili, hazizidi, na jina la mwenye nguo ndani yake. Visanduku vilipojaa, akaanza kuwaambia watu, "Siku zimejaa." Siku ya kwanza neno hilo lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Ya pili likapita. Watu walidhani anaumwa. Mmoja alimwuliza Mhindi wa duka kama fundi amerogwa.

Hakuishia hapo. Kukata alikata asubuhi, kichwa kikiwa baridi na saumu haijauma. Adhuhuri akapiga cherehani. Kanzu nyeupe alizishona mfululizo ili asibadilishe uzi kila saa. Na lile bao la wageni, walilokuwa wakikalia wapiga soga kuanzia saa tatu, aliliingiza ndani. Mtu akaja, akatafuta pa kukaa, akakosa, akasalimu, akaenda zake. Ajabu ya Mungu, kazi ilikwenda! Siku ya kumi, nguo ishirini zilikuwa zimekwisha chukuliwa na wenyewe. Mzee Mwero alipata kanzu yake tarehe kumi na nne Ramadhani, akaihesabu mikono mbele ya watu, moja, mbili, wakacheka mpaka wakasahau njaa.

Kisanduku cha thelathini kilikuwa na jina moja peke yake. Chirau alimwita mkewe akione, kwa fahari, kama mtu aliyejenga nyumba ya mawe.

"Siku nzima yako," alisema. "Sikukuchanganya na mtu."

Mishi alikitazama kile kisanduku kwa muda. "Thelathini," alisema. "Na mwezi ukiandama ishirini na tisa?"

"Kwa mawingu haya ya masika? Mwezi gani utaonekana? Mvua inanyesha tangu mwezi uliopita."

"Haya," alisema Mishi, akaenda kutia makaa kwenye pasi.

Maana kazi haikuishia kwenye cherehani, ingawa pale ukutani hayo hayakuandikwa. Kila jioni baada ya kufuturu, Chirau alimwekea nguo mbili za siku ile kwenye mkeka, akaenda zake tarawehi na moyo mwepesi. Mishi akabaki na sindano. Akapinda mapindo kwa mkono. Akatengeneza matundu ya vifungo, tundu baada ya tundu, uzi ukizungushwa na kukazwa mpaka ukingo uwe mgumu. Kisha akapiga pasi. Asubuhi Chirau alizikuta zimekunjwa, akazichukua, akasema "Ahsante," akakipiga mstari kisanduku. Wala hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyependa mistari yake, basi.

Ikafika ishirini na tisa. Alasiri alikabidhi nguo mbili za mwisho, akapakia cherehani kwenye baiskeli, akarudi nyumbani akiimba. Nguo hamsini na nane, na hakuna hata mtu mmoja aliyeambiwa kesho. Mbingu ilikuwa imefunga, nyeusi kama sufuria ya jikoni. Akajisemea, kesho ni siku ya Mishi.

Adhana ya magharibi ikalia. Chirau alikuwa ametia tende mdomoni. Upande wa bara, juu ya vilima, wingu likapasuka, mpasuko mdogo tu, wa kupita mkono. Haukudumu, lakini ulitosha. Kelele zikaanzia kwenye mashamba ya minazi, zikaja nyumba kwa nyumba, watoto mbele: "Umeandama! Umeandama! Idd kesho!"

Tende ikamganda Chirau mdomoni. Alimtazama Mishi. Mishi aliweka chini bakuli la uji, akasema, "Alhamdulillahi," akaanza kukusanya vyombo. Hakununa. Hakulia. Chirau angependa alie, maana mtu anayelia bado ana tumaini kwamba utamsikia. Huyu alikuwa amekwisha zoea.

Basi kabla hajatafuta neno la kusema, motokaa ikasimama nje. Alikuwa Bwana Sefu, mfanyabiashara wa mbata kutoka Diani, mtu wa heshima na mwenye sauti yake. Wafanyakazi wake wote walivaa nguo zilizoshonwa na Chirau, mwaka baada ya mwaka. Aliingia na kitambaa cha hariri kwapani.

"Mwezi umenivizia, fundi! Nilijua thelathini. Kanzu moja tu, ya kuswalia asubuhi. Najua mkono wako, kabla ya alfajiri itakuwa tayari."

Mdomo wa Chirau ulikuwa unafunguka. Neno "lete" lilikuwa limefika kwenye ulimi. Ndipo akamwona Mishi, kule pembeni, ameinama kwenye jiko anachota makaa kwa koleo, anayatia kwenye pasi. Hakungoja hata jibu la mumewe. Alilijua. Alikuwa anajitayarisha kwa kanzu ya Bwana Sefu usiku wa kuamkia Idd yake mwenyewe.

Chirau akalimeza lile neno.

"Siwezi, Bwana Sefu," alisema. "Unisamehe. Nina mteja."

"Mteja? Saa hizi? Mteja gani mkubwa kunishinda mimi?"

"Yuko nyuma yako. Ameshika pasi."

Bwana Sefu akageuka, akamwona mwanamke na makaa. Akamrudia Chirau kwa macho, akidhani ni mzaha. Alipoona si mzaha, alikunja hariri yake.

"Basi na nguo za watu wangu nitatafuta fundi mwingine," alisema. "Wewe mshonee mkeo mwaka mzima." Akatoka, na mlango wa motokaa ukapigwa kwa nguvu.

Mishi alikuwa amesimama na koleo mkononi. "Chirau, una wazimu? Ule ni mkate wetu wa mwaka."

"Ninajua. Lete kitambaa."

"Gauni la zamani liko pale msumarini. Pimia hilo."

"Sipimi msumari," Chirau alisema. "Njoo hapa kwenye mwanga."

Akaja. Chirau akatoa futi shingoni. Vipimo vya Msambweni nzima alikuwa navyo kichwani. Mtu akipita barabarani aliweza kukutajia bega lake na urefu wake bila kumgusa. Kipimo cha mkewe alikuwa nacho cha siku ya harusi, basi. Akapima bega, likawa lile lile. Akazungusha futi kiunoni, na futi ikakutana kabla haijafika alama aliyoijua. Akapima tena. Inchi tatu.

"Mishi. Umekonda."

"Ni saumu."

"Saumu haimli mtu inchi tatu. Mimi pia nimefunga."

"Ni saumu na matundu ya vifungo," Mishi alisema. "Wewe ukitoka tarawehi unalala. Mimi naamka na nyuzi mpaka daku. Kanzu moja, matundu manne, matano. Piga hesabu mwenyewe, wewe ndiye mtu wa visanduku."

Alipiga hesabu. Ilimpeleka karibu na mia tatu, akaacha. Aliketi chini kwenye mkeka na futi mkononi, na kwa mara ya kwanza aliutazama ule ukuta wake kama alivyoutazama Mishi siku zote. Nguo mbili kwa siku! Alijisifu kwa watu, alijisifu kwa Mhindi, akamwambia hata imamu. Kumbe nguo mbili kwa siku zilikuwa za mikono minne, na miwili kati yake haikuandikwa popote.

"Nimekukosea," alisema. "Nimekupa siku ambayo hata si yangu kuigawa. Watu wote niliwapa siku za yakini. Wewe nikakupa siku ya bahati."

"Kata kitambaa, Chirau," Mishi alisema, lakini sauti yake ilikuwa laini. "Maneno nimeshavikwa ya kutosha."

Akakata. Alipoanza kuunga, Mishi alinyoosha mkono achukue sindano apige bandi, ile mishono mirefu ya kushikiza. Chirau akaiondoa.

"Nguo yako hutaitia mkono. Nenda kalale."

"Matundu huyawezi."

"Nitayaweza."

Hakuyaweza. Cherehani ilimtii, kama ilivyomtii siku zote, lakini kazi ya sindano ilimgeuza mwanafunzi. Tundu moja lilimla muda wa kushona mkono mzima wa kanzu. Alijidunga, akafumua, akaanza upya. Mishi aliposikia adhana ya alfajiri na kufungua macho, gauni la samawati lilikuwa limetandazwa kwenye kiti, zuri, bega kwa bega. Matundu matano mbele yalikuwa yamepinda, kila moja na mwelekeo wake. Na chini, pindo lote lilikuwa limeshikwa kwa bandi tu, nyuzi nyeupe ndefu ndefu zinazoonekana mpaka upande wa pili wa barabara. Chirau alikuwa ameketi mbele yake na vidole vimevimba.

"Pindo bado," alisema, kama mtoto aliyevunja kikombe.

Mishi akayashika yale matundu moja moja. Halafu akacheka. Alicheka mpaka akaziba mdomo na kanga, na machozi yakamtoka humo humo kwenye kicheko.

Chirau aliswali Idd, akapeana mikono, akarudi. Barazani kwa Mhindi watu wawili walikuwa wanamngoja, mmoja kanzu imembana kwapani, mwingine anataka kupunguziwa urefu. Aliwapita na baiskeli, akawapa salamu na mkono wa Idd, akaenda zake. Mishi alivaa gauni, juu yake buibui, akapanda nyuma ya baiskeli. Sindano Chirau aliichomeka kwenye kofia yake, na kigurudumu cha uzi wa samawati mfukoni.

"Tungengoja Idd pili," Mishi alimwambia mgongoni, baiskeli ikiteleza kwenye matope. "Ungepinda leo, twende kesho kama watu."

"Hilo neno kesho nimelichoka," alisema Chirau akihema.

Walifika Bodo jua limepanda. Mkwe wa kiume ana adabu zake, na Chirau alizijua: anaamkia kutoka nje, anakaa barazani, haingii ndani kwa mama mkwe wala kumkazia macho, anangoja sinia yake. Kwa hiyo aliegemeza baiskeli, akaamkia, akakaa kwenye mkeka wa barazani. Mishi akaingia peke yake. Chirau alisikia sauti ya mama mkwe, imekuwa nyembamba kuliko alivyoikumbuka, ikisema, "Mishi? Miaka miwili, mwanangu?" kisha kimya, cha watu wawili walioshikana.

Halafu akasikia, "Vua buibui nikuone."

"Nitavua baadaye, mama."

"Baadaye lini? Vua."

"Pindo halijaisha, mama," Mishi alisema, kwa sauti ndogo.

Chirau pale barazani aliyasikia yote. Angeweza kukaa. Hakuna ambaye angemlaumu, adabu ingekuwa upande wake. Alisimama, akavua viatu, akapiga hodi, na bila kungoja karibu akaingia ndani, macho chini kabisa kwenye sakafu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mwanarusi alishtuka mpaka akajifunika uso kwa ushungi. "Na wewe unatafuta nini humu ndani?"

"Nimekuja kumaliza kazi yangu, mama. Mnisamehe."

Mishi akavua buibui. Nyuzi nyeupe za bandi zilining'inia miguuni pake. Chirau akapiga magoti kwenye mkeka, akatoa sindano, akatia uzi, akashika pindo la gauni la mkewe mbele ya mama yake, jambo ambalo Bodo ilikuwa haijapata kuliona.

"Umechelewa, fundi," Mwanarusi alisema.

"Nimechelewa, mama. Miaka mitatu."

Kikongwe akamsogelea binti yake, akainua mkono wake uliokunjamana, na kwa vile vidole viwili akashika kifua cha gauni pale penye vifungo. Alipapasa tundu la kwanza, na la pili. Kazi ya mkono wa Mishi angeitambua hata gizani, maana ni yeye aliyemfundisha.

"Haya matundu kayatengeneza nani? Yamepinda."

"Mimi, mama," Chirau alisema bila kuinua kichwa.

Mwanarusi aliendelea kuyashika. Chirau alishona, hatua ndogo ndogo, akizunguka kwa magoti. Tone moja la maji likamwangukia begani, na la pili, akajua Mishi analia, lakini hakunyanyua macho, maana mkono ungetetemeka na pindo lingepinda kama matundu.

Nje vishindo vikasikika. Walikuwa shangazi za Mishi na majirani, wamekuja kwa mkono wa Idd, wamevaa na kunukia, wanapiga hodi kwa vicheko. Mmoja alikwisha tia mguu ndani. Mama Mwanarusi alikwenda mlangoni haraka kuliko umri wake, akashika miimo yote miwili kwa mikono yake.

"Ngojeni hapo barazani," aliwaambia. "Ngojeni wote. Mwanangu anashonewa nguo."